Mkono Chini ya Boriti

Kila walipopanga safari Gudrun alikuwa na sharti moja tu, na Torkild alilijua kama Baba Yetu: hawakanyagi mahali alipowahi kukanyaga Elin.

Elin alikuwa mke wa kwanza wa Torkild, na alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini. Mke mwenza aliyekufa, nawaambia, ni taabu kuliko aliye hai. Aliye hai huzeeka, hununa, huunguza viazi, na mume hujionea mwenyewe. Elin alibaki vilevile, mrefu na mcheshi, hana kosa hata moja. Gudrun alipoolewa katika nyumba ile ya Kolding, miaka tisa iliyopita, aliondoa mapazia yote mwezi wa kwanza. Mitufaha aliyoipanda Elin hakuweza kuing'oa, na kila vuli ilizaa kwa ukaidi.

Shida ni kwamba Denmark ni nchi ndogo, na Elin alikuwa na miguu isiyotulia. Kila kiangazi Torkild alitandaza ramani juu ya meza ya jikoni, naye Gudrun akakaa na penseli nyekundu, kuufuta kila mji aliofika Elin.

"Ribe?"

"Tulifika."

"Tønder?"

"Tulifika, siku mbili."

"Ærøskøbing je?"

Torkild alikohoa. Penseli ikapita juu ya kisiwa.

"Hivi huyu alikuwa mke wako au tarishi wa posta?" Gudrun aliuliza. "Kuna mlango gani hakubisha?"

Mwaka huu penseli ilisimama juu ya Ebeltoft. Torkild aliitazama ramani, hakumtazama mkewe. "Huko hapana," alisema. "Huko hatukuwahi kufika."

Kwa hiyo siku ile Gudrun alisafiri kwa furaha. Walinunua stroberi kwenye kibanda cha kando ya barabara kisicho na mwuzaji, pesa unaacha kwenye kopo, akazila karibu zote peke yake, akaimba mpaka koo likakauka. Walipofika aliiweka mwenyewe kwenye kioo cha gari saa ya maegesho, ile kadi ya kuonyesha umeegesha saa ngapi, akamshika Torkild mkono, wakashuka na mtaa wa mawe. Nyumba zilikuwa zimelaliana mabega kama wazee kanisani, na maua yamesimama ukutani marefu kumpita yeye. Gudrun alikuwa mfupi, kichwa chake kilimfika Torkild kifuani.

"Unajua ninachopenda hapa?" alisema. "Hapa hakuna aliyekuonyesha kitu kabla yangu. Wote wawili wageni."

"Ndiyo," Torkild alisema. "Twende tukanywe kahawa."

Mkahawa ulikuwa ndani ya nyumba kuukuu kupita zote, yenye mlango mfupi na ujia wenye giza. Torkild alitangulia, huku akisema habari za keki ya tufaha, na macho yake yalikuwa kwenye kabati la vioo kule mbele. Katikati ya ujia, bila kutazama juu, bila kukata maneno yake, aliinamisha kichwa. Kisha akapeleka mkono nyuma na kuulaza chini ya boriti, kiganja kikitazama chini, kumkinga anayemfuata asijigonge.

Gudrun alipita. Kati ya nywele zake na kiganja kile palibaki shubiri mbili nzima. Aliinua macho akauona mkono wa mumewe ukikinga hewa, na palepale akajua ulikuwa ukimkinga nani.

Walikaa. Keki ililetwa na msichana mwenye mkahawa, aliyejitambulisha kwa jina la Sidsel. Gudrun hakuigusa. Alijiambia labda ni bahati tu, mtu mrefu huzoea kuinama. Ndipo akaingia mwendesha baiskeli mmoja, mrefu naye, na ujia mzima ukalia gub!

"Karibu!" Sidsel aliita, tayari ana penseli mkononi. "Haya kaka, andika jina lako. Ndiyo sheria ya hapa tangu zamani za shangazi yangu. Boriti ya kwanza watu huiona, hii ya pili imejificha. Mrefu anayeingia mara ya kwanza hajapona hata mmoja."

"Hata mmoja?" Gudrun aliuliza.

"Hata mmoja, mama."

Torkild alianza kukoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. Gudrun aliinuka, akaenda kusimama chini ya boriti, akainua shingo. Ilikuwa imejaa majina ubavu mzima, ya penseli, mengine yamefifia. Hakutafuta sana. Jina lenyewe lilikuwa katikati, kwa mwandiko wa mviringo aliokuwa akiuona nyuma ya picha za zamani nyumbani: *Elin, Julai 1998. Mara mbili!*

Hata kujigonga, mwanamke huyu alijigonga kwa kucheka. Gudrun alimchukia kwa ile alama ya mshangao kuliko kwa mitufaha yote.

Alirudi mezani. "Siku ngapi?"

"Gudrun..."

"Nimekuuliza siku ngapi, bwana wewe."

"Wiki moja," Torkild alisema. "Zamani walikodisha vyumba huko juu. Yeye alitangulia akajigonga, mimi nikawahi kuinama."

"Huko juu! Na mimi umeniketisha huku chini na keki!" Watu wa meza ya jirani waligeuza nyuso dirishani. "Kwa nini umenidanganya?"

"Kwa sababu penseli yako imeimaliza nchi," Torkild alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa na hasira. "Imebaki Mariager na kituo cha mafuta. Nina miaka sitini na sita. Nilitaka kuja hapa na wewe, basi."

"Na mimi? Na huo mkono wako ulikuja na nani?"

Torkild hakuelewa. Gudrun alinyanyua mkono wake mwenyewe, kiganja chini, juu, juu kabisa ya kichwa chake, akauacha hapo. Torkild aliutazama. Kisha akautazama wa kwake juu ya meza, kana kwamba mtu ameusahau hapo.

"Haki ya Mungu," alisema polepole, "sikujua kama nimeunyoosha."

Gudrun alimwamini, na hapo ndipo palipouma. Uwongo wa ramani ungeweza kuombewa radhi. Lakini mkono ule haukudanganya, ulikuwa umefanya tu kilichokuwa chake, na kwa miaka tisa haukuwahi kujua kimo cha mke aliyepo. Mazoea yana taabu.

"Nipe funguo," alisema. "Mimi narudi Kolding. Wewe baki, chumba cha juu unakijua."

Alizichukua mwenyewe mezani na kuondoka, akapita chini ya boriti bila hata unywele kuguswa. Torkild aliinuka mbio kumfuata. Alipofika kwenye ujia aliikumbuka mikono, akaisokomeza yote miwili mifukoni, akaitazama isitoke tena. Kichwa hakukikumbuka.

Gub!

Gudrun aligeuka. Mumewe alikuwa ameketi sakafuni, mikono bado mifukoni, na damu inamchuruzika kwenye nyusi.

"Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole," Gudrun alisema. Hata hivyo alirudi, akapiga goti, akambandika kitambaa chake juu ya jeraha, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Sidsel alikuja na maji, na penseli. "Pole, mzee. Lakini sheria ni sheria." Akaikagua boriti kutafuta mahali. "Hapa pana nafasi nzuri, katikati, pembeni ya huyu Elin."

Torkild aliichukua penseli, akainuka akiyumba, akaitazama nafasi ile. Gudrun alizibana funguo mpaka zikamwuma kiganjani. Kama mkono ule ungekwenda pale, angeondoka kweli, na asingerudi.

Torkild akageuka, akampa yeye penseli.

"Andika wewe," alisema. "Popote utakapo."

"Nileteeni kiti," Gudrun alisema.

Alikisogeza kiti mpaka mwisho kabisa wa boriti, kwenye pembe ya ukuta, mbali kadiri boriti ilivyoruhusu, na hata juu ya kiti ilimbidi asimame kwa vidole. Akaandika *Torkild*. Hakushuka. Akaandika jina la pili, kwa herufi kubwa, akakandamiza mpaka ncha ikavunjika.

"Lakini mama," Sidsel alisema akicheka, "wewe hukujigonga!"

"Miaka tisa najigonga, mwanangu," Gudrun alisema. "Hapo hapo."