Meza Katikati ya Daraja

Mikate ya Doña Primitiva Calisaya ilitoka tanurini ikiwa na nyuso, na uso wa mkubwa kuliko yote ulikuwa wa mwanawe Limbert, pamoja na kovu lake la kwenye nyusi. Kila tarehe mosi Novemba watu wa Tolapampa, mji unaopakana na Argentina, huoka mikate ya namna hiyo, kwa sababu saa sita mchana wafu wao huja kula na kupumzika; kesho yake saa sita hula mara ya mwisho, meza ikaondolewa, wakaenda zao. Marehemu mpya hutandikiwa meza miaka mitatu. Asiyefika nyumbani katika miaka hiyo mitatu hafiki tena. Huu ulikuwa mwaka wa tatu wa Limbert, na hakuwa amefika hata mara moja.

Si kwamba alipotea njia. Kila mtu alijua alipo: darajani, upande wa Argentina, kwenye foleni ya wasafiri, kati ya watalii wenye mikoba mirefu na akina mama waliotoka kuwatembelea wajukuu. Mama yake alikuwa mchukuzi hapo hapo. Unga ukipita mpakani ndani ya lori hulipiwa ushuru, ukipita mgongoni mwa mwanamke haulipiwi, kwa hiyo tangu alfajiri wanawake wa Tolapampa hukimbia darajani na magunia. Miaka miwili Doña Primitiva alimpita mwanawe hivyo hivyo, yeye kainama chini ya gunia, mwana kasimama kwenye dirisha la kugongea mihuri, na askari wakimpigia filimbi asizibe njia. Unga ulivuka. Mwana hakuvuka. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na yeye aliujua huku akihema.

Kisa chenyewe hakikuwa na siri. Limbert aliingia Argentina kupitia mtoni, chini ya daraja, viatu mkononi, kama wanavyoingia vijana wote wanaokwenda kuchuma tumbaku. Alichuma, akanyunyiza dawa bila hata kitambaa puani, akafa shambani, akazikwa nyuma ya mabanda ya tumbaku. Mwenye shamba alipoulizwa alisema hajapata kumsikia mtu wa jina hilo. Na katikati ya daraja, kwenye kibanda kilichojengwa penye mstari wa njano wa mpaka, alikaa afisa mmoja wa uhamiaji aitwaye Farfán, mtu mpole, mpenda peremende.

"Huna muhuri wa kuingia," Farfán alimwambia Limbert mwaka wa kwanza, na wa pili, na huu. "Asiyeingia hawezi kutoka."

"Mimi nimefia huku, afisa."

"Sisemi hukufa. Nasema hukuingia."

Limbert akamwonyesha mikono yake, ambayo tumbaku ilikuwa imeigeuza kijani na udongo haukuweza kuitakasa. Farfán aliitazama kwa makini, akakubali kwamba ni kijani. Kisha akamwomba asogee kando apite msichana wa Kizungu aliyekuwa nyuma yake. Msichana alikuwa amebabuka pua kwa jua la milimani. Alipigiwa muhuri, akamwachia Limbert kofia yake kwa kuwa aliona atasimama sana, akavuka.

Doña Primitiva aliyaona hayo akiwa kando ya kizuizi. Siku hiyo hakubeba gunia.

"Limbert," akamwita. "Acha kujitesa, baba. Shuka mtoni upite kama watu wote. Maji yenyewe hayafiki hata kwenye kifundo. Nyumbani chakula kinapoa."

"Sishuki, mama."

"Kwa nini?"

"Niliingia kwa kujificha. Nikafanya kazi kwa kujificha, wakanizika kwa kujificha. Nyumbani kwetu nitaingia kupitia darajani, watu wakiniona."

"Kichwa ngumu wewe! Mwaka wa mwisho huu, unanisikia? Wa mwisho!"

"Nakusikia."

Doña Fortunata, mchukuzi mwenzake, alikuwa akipita na gunia lake. Hakusimama, ila alicheka. "Shoga, sikio la kufa halisikii dawa, sembuse lililokwisha kufa! Na hicho kichwa alikitoa wapi, si kwako?"

Doña Primitiva akarudi nyumbani amefura. Akaketi mbele ya meza aliyoitandika tangu jana: mikate, mchuzi wa karanga, chicha ile pombe ya mahindi, muwa wa kumfaa mwanawe kwa mkongojo, na kitunguu chenye maua cha kubebea maji njiani. Alikaa hapo hasira ikimpanda, na ilipomfika kooni aligundua kwamba hamkasirikii Limbert hata kidogo. Mtoto alisema kweli. Amkasirikie kwa lipi? Akavifunga vyakula katika kanga yake ya kubebea, akaigeuza meza miguu juu, akajitwika. Mgongo uliozoea unga haulalamikii meza.

Aliiweka chini ya kizuizi, juu ya mstari wa njano, miguu miwili huku na miwili kule. Akaitandika upya. Farfán alipobonyeza kitufe, mti wa kizuizi ulishuka, ukaugota mkate mmoja kwa upole, ukabaki hapo.

"Mama," Farfán akasema akitoka kibandani, "chakula hakiruhusiwi kuvuka."

"Hakivuki. Kimekaa."

"Na meza?"

"Miguu miwili iko kwetu. Ile miwili ni yako, ikamate."

Farfán akaitazama ile miguu. Hakukuwa na kanuni ya miguu.

Limbert akavuta kiti cha kibandani upande wake, akala. Alikula kama mtu aliyekosa chakula cha kwao kwa muda mrefu, kichwa chini, na mama yake akamtazama kila tonge likishuka. Fortunata alipopita tena alitua gunia, akalikalia, akamega mkate. Wachukuzi wengine wakafanya vivyo hivyo. Malori yakapiga honi pande zote mbili, wakayaacha yapige. Wasafiri waliokuwa kwenye foleni walipewa mchuzi, na msafiri mmoja aliyejua lugha yao kidogo akauliza uso ulio kwenye mkate ni wa nani. Alionyeshwa mwenyewe, akampa mkono.

Kesho yake kengele ya kanisa ililia saa sita. Katika mji mzima meza zilinyanyuliwa, na wafu wakaonekana wakipanda barabara ya makaburini na vifurushi vyao, wengine wakiyumba kwa chicha. Meza isiponyanyuliwa, marehemu haondoki. Hilo hata mtoto wa Tolapampa analijua, na Farfán, aliyekaa mpakani miaka mingi, alilijua pia.

"Saa sita imefika, mama," akasema. "Msindikize aende."

Doña Primitiva akafunga mikono kifuani. "Nitamsindikizaje mtu ambaye hajafika?"

"Mama, tafadhali."

"Asiyeingia hawezi kutoka. Kanuni ni yako, si yangu."

Farfán akafikiri sana. Akarudi kibandani, akachukua peremende, akaandika kwenye ubao kwamba magari yapite upande wa kushoto wa meza.

Meza ikabaki hapo. Kila asubuhi Farfán humwuliza Limbert anakokwenda, Limbert humjibu nyumbani, na Farfán humwuliza muhuri wa kuingia uko wapi. Mama yake huja na chakula cha moto kabla ya gunia la kwanza na baada ya la mwisho. Mwenye shamba bado hajapata kumsikia mtu wa jina hilo. Nyumba yao inaonekana kutoka mezani, mlango wa buluu, mwendo wa kutema mate.

Wiki iliyofuata uchumaji wa tumbaku ulianza, na lori la shamba likaja kuegesha ng'ambo, ukingoni mwa mto. Vijana wa Tolapampa wakashuka, viatu mkononi. Limbert akainuka, akaegemea ukuta wa daraja.

"Edson! We, Edson!" akapiga kelele. "Pandeni juu! Piteni huku, mdai muhuri!"

Edson, jirani yao wa mlango wa pili, akainua uso, akampungia mkono kwa furaha.

"Nimechelewa, kaka!" akajibu. "Lori haliningojei! Wakati wa kurudi nitapita juu!"

Akavuka, akavaa viatu, akapanda na wenzake. Doña Primitiva alilitazama lile lori mpaka likapinda nyuma ya kilima. Kisha akaenda kwa Fortunata kuazima meza ya pili.