Jani Lililotoa Maziwa

Kisu kilipozama, jani nene la dungusi lilitoa tone jeupe. Fundi cherehani akasita. Majani yote aliyowahi kumenya yalitoa ute wa kuteleza kama bamia, usio na rangi. Maziwa, kamwe.

"Wajukuu wangu wana njaa," mama mkwe wake alisema huku akipepea makaa. "Unamenya au unalipima upate kulishonea gauni?"

Fundi hakucheka. Alipoolewa aliyaita majani hayo chakula cha mbuzi, chinichini. Kisha mvua ikakata, bustani zikakauka, mboga za sokoni zikawa za kula kwa macho. Ni huyu mkongwe aliyewavusha. Kila asubuhi alikwenda miambani na kikapu na koleo, akarudi na majani, akayababua miiba motoni, akayakwangua, akayachemsha. Naye ndiye aliyewaimbia wajukuu: mmea ukilia maziwa, usiuonje, wala usijiguse macho.

Leo mwenyewe ameuchuma.

Fundi alikuwa ameziona dalili: chai iliyomwagwa kando ya kikombe, shuka kwenye kamba ambalo mama mkwe aliliamkia kwa jina la jirani. Wote walicheka, mama mkwe akicheka kuwashinda. Sasa angeweza kufunika kombe mwanaharamu apite: alitupe jani, aseme limeoza. Lakini kesho angekuwa kibandani kwake akishona, na watoto wangekula mkononi mwa bibi yao.

Akanawa kwa sabuni, akapiga magoti karibu na jiko.

"Mama, hili limetoa maziwa."

Makaa yalilia. Mama mkwe akaweka kipepeo chini.

"Nimelichuma mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Niliona kijani," alisema. "Siku hizi vyote ni kijani tu." Kisha, kwa ukali: "Mwaga kikapu kizima. Kisu hicho na ubao uvisugue."

Jioni walikula uji mtupu. Hakuna aliyetania.

Kulipokucha, mama mkwe alibaki ameketi kitandani. Fundi akachukua kikapu, akasimama mlangoni.

"Twende, mama. Mimi nina macho tu, ujuzi sina."

Walikwenda polepole, mkongwe amemshika kiwiko. Miambani fundi akasahau koleo, akanyoosha mkono; vimiba vyembamba kama vinyweleo vikamwingia vidoleni. Akaguta.

"Haraka ya nini? Lete."

"Huwezi kuviona, mama. Hata mimi sivioni."

"Nani kasema nitaviona?"

Mama mkwe akavuta ule mkono, akaupitisha taratibu kwenye mdomo wake wa chini, kidole kimoja kimoja. Kila mdomo ulipohisi kimiba, alisimama hapo, akabana kwa kucha, akang'oa. Pumzi yake ilikuwa ya joto. Miaka yote katika nyumba moja, hawakuwahi kugusana hivi.

"Nadhani vimekwisha, mama."

"Bado kimoja."

Fundi hakuurudisha mkono.