Tiyo ya Pasta Floribert

Pasta Floribert aliingia kwenye atelye yangu na tiyo ya inoksi chini ya kwapa, imefungwa kwenye kitenge kama mali ya wizi.

"Mama Olga, huku gare, stesheni yote, njo wewe peke yako mwenye posti ya TIG, mashine ya kuchomelea inoksi. Unichomelee hizi. Ila kitu kimoja: ndani ikuwe safi. Inje hata ikiwa na sura mbaya, haina neno."

Moyo wangu ukasema, ahaa! Wateja wote wananililia inje ing'ae. Muntu anayehangaikia ndani ya tiyo, ile tiyo itapitisha kitu cha kunywa. Tena nikaangalia vizuri: tiyo nyembamba, imezungushwa zungushwa, na mukono wa pili ameshika sufuria yenye mufuniko wa tundu. Mimi ni mutoto wa mupishi wa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji. Mashine hiyo naijua tangu nilipokuwa nabebwa mugongoni.

Na Pasta huyu njo alikuja mwaka jana na vijana wa kanisa, wakapasua pipa la kupikia la mama yangu, Mama Marthe, huku wakiimba. Pipa lile lilitulipia minerval ya shule sisi wote. Tangu siku ile mama anakaa tu mulangoni, mikono mapajani. Inaniuma mpaka leo.

"Ni ya nini, Pasta?"

"Ya kupika maji ya mchaichai. Dawa ya kikohozi, ya watoto."

"Watoto, eh?"

Macho yake yakakimbilia inje, kule ziwani. Mwongo wee! nikasema moyoni. Umevunja ya mama ili uuze ya kwako.

Sasa, inoksi, hata ikiitwa chuma isiyoshika kutu, ikiwa nyembamba ina tabia yake. Gazi ya argoni inatoka kwenye torshi ya kuchomelea, inalinda mushono upande wa inje. Upande wa ndani hauna wa kuulinda, mpaka uzibe ncha za tiyo na skochi ya kubandika, uache katundu kadogo, halafu upitishe mupira wa pili ujaze argoni mule ndani ufukuze hewa. Usipofanya hivyo, inje itang'aa vizuri tu, lakini ndani chuma inaota punje nyeusi, kama sukari iliyoungua. Pale njo kutu inaanzia. Kinywaji kitanuka chuma, na mwenyewe hatajua sababu.

"Kaa pale kwenye kivuli, Pasta," nikamwambia kwa sauti laini.

Mupira wa pili nikaufunga, argoni isipite ndani hata kidogo. Viungo vyote nikavichomelea hivyo hivyo, polepole, mukono mwepesi. Inje? Bibi arusi! Roho yangu ilitulia kabisa, sidanganyi.

Alikuwa akiigeuza ile kazi mikononi, ananishukuru, wakati telefone yake ikalia. Akabonyeza vibaya, sauti ikatoka wazi.

"Pasta! Olga amemaliza? Usimwambie kama ni mimi nitapika, eh! Yule ana kichwa nguvu. Akijua tumepatana atakufukuza."

Ni mama yangu mwenyewe! Sauti imechangamka, vile sijaisikia tangu wapasue pipa.

"Aharakishe," akaendelea. "Mchaichai imeshakatwa. Kikombe cha kwanza nitakunywa mwenyewe, ndipo tupe mutoto wa muntu."

Mama njo alivyo. Hata lutuku yake, haikutoka nyumbani kabla hajaionja.

Pasta akazima telefone, uso umemshuka. "Alinikataza kusema. Nilienda kumwomba musamaha. Akaniambia, musamaha ulete pamoja na tiyo."

Nikamunyang'anya ile kazi. Nikawasha mashine ya kukata, nikapasua kiungo cha kwanza mbele yake. Ndani nyeusi tii, makoko matupu. Pasta akainama, akaangalia sana. Si mujinga yule. Akapitisha kidole, kikatoka na weusi.

"Na hivi vingine?"

"Vyote."

Akakiangalia kile kidole cheusi. Halafu akaninyooshea kidole kile kile.

"Mama Olga, hii ulitaka nani akunywe?"

"Wewe," nikasema.

Nilidhani ataondoka. Hapana. Akavuta kiti mpaka kikagusana na changu, akakaa, akaniangalia nikikata viungo vyote, nikisafisha tiyo, nikiziba ncha, nikifungua gazi ya pande mbili. Akaweka kiganja pale kwenye katundu, asikie kama gazi inatoka kweli. Nikamwambia ageuze uso, mwanga wa TIG unaunguza macho. Akakataa.