Sanduku la Nne

Kila asubuhi, kabla wasomaji hawajafika, mtunza nyaraka wa chuo kikuu huchonga penseli. Kalamu za wino haziruhusiwi chumbani mle, hata kwa wakubwa. Siku hiyo alikuwa anachonga ya mwisho alipoingia mke wa Profesa, aliyefariki mwaka mmoja kabla ya mumewe, mkoba kwapani, miwani ikining'inia shingoni.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuja kusoma barua zangu.”

Kitambulisho chake kilikuwa kimekwisha muda, lakini hata vya maprofesa walio hai huwa vimekwisha. Tatizo lilikuwa jingine: hapakuwa na nyaraka zenye jina lake. Mama alikuwa ameandika barua ujana wake wote, ila barua hukaa kwa aliyeandikiwa, na aliyeandikiwa ni mumewe, miaka ile ya masomo ng'ambo. Majibu ya mume yalikuwa mistari miwili mitatu ya kuomba soksi. Hayo yaliliwa na panya.

“Sema ‘za Profesa’ nikuletee,” mtunza nyaraka akamnong'oneza. “Ndio utaratibu wetu.”

Akasema. Likaja sanduku la nne. Mama akavaa miwani, akasoma, akacheka mpaka akajifuta machozi. Alikuwa amesahau alivyomsema mwenye nyumba wao, akampa vidonge vyake. Kisha akafikia kurasa alimoueleza mtaa wao mlango kwa mlango. Ndizo zilizokuwa sura ya kwanza ya kitabu kilichompa mumewe uprofesa, hata nukta hazikuguswa. Ilimuuma, kama ilivyomuuma zamani.

“Niandikie jina langu nami hapo kwenye sanduku,” akasema.

“Mpaka aliyetoa nyaraka atie sahihi, Mama.”

“Basi nitamleta.”

Kesho yake akamleta mumewe, amevaa suti yake ya mahafali. Profesa akasoma amesimama, akacheka palepale alipochekea mkewe. “Si nilisema? Huyu mwanamke anajua kuandika!” Mtunza nyaraka akamsogezea fomu, na penseli iliyochongwa vizuri. Profesa akaisoma yote, juu hadi chini.

“Jina la nini tena, mke wangu? Jina si letu sote?”

Akampigapiga begani, akatoka kwenda kuitazama picha yake ukutani kule ukumbini. Hakurudi. Mtunza nyaraka alipandwa na hasira, akainuka amfuate.

“Mwache,” Mama akasema. “Hata kufa hakujamfunza kitu.”

Siku hizi Mama huja kila asubuhi. Kiti cha dirishani kimewekewa mto kwa ajili yake, na wasomaji wengine huacha kazi zao akiwasomea ya mwenye nyumba. Ana furaha, na haifichi. Sanduku lina jina lilelile. Na kila anapoingia, mtunza nyaraka huinamia penseli zake na kuuliza, maana lazima aulize:

“Za nani leo, Mama?”

“Za Profesa, mwanangu.”