Kifungo cha Tumboni

Kila Jumanne saa nne asubuhi Zaituni hupanda ngazi za nyumba moja mtaa wa Forest, huko Ulaya, humwosha Maman Irma miguu, humpikia kahawa, kisha hutoa koti jeusi kabatini na kulifungua vifungo, kimoja kimoja, kuanzia shingoni. Kila kifungo kikifunguka, mwanamke mmoja hutoka kwenye tundu lake. Hutoka sita. Huvuta viti wakakaa, na Zaituni, ambaye amekwisha kuwaambia mara mbili ofisini wanakomtuma kuhudumia wazee kwamba vikombe havitoshi, huwapa wengine bilauri.

Wote sita ni marehemu, na wote ni wa mji mmoja mdogo wa Italia, alikozaliwa Irma. Mji ule ulitengeneza vifungo: kwanza vya pembe za ng'ombe, baadaye vya kombe, mwisho vya plastiki. Wanawake wale wanapenda kuusifia. Husema bila wao nusu ya suruali za Ulaya zingeanguka. Watu wa kule hufunga shati mpaka kooni hata Agosti, hawatupi uzi, na wakigombana hununiana miaka kumi bila kuacha kuazimana chumvi.

Zaituni, mzaliwa wa Bujumbura, alipomsimulia dada yake Aziza kwa simu kwamba bibi yake wa Jumanne katoka mji wa vifungo, Aziza aliuliza, "Miaka mingapi?"

"Vya shati, wewe."

"Ah, bon."

Ila mlango wa kiwanda walichofanyia kazi wale sita ulikuwa ukifungwa kwa ufunguo, wasichana wasitoke kupiga soga. Siku kiwanda kilipowaka moto, ufunguo ulikuwa mfukoni mwa bwana mwenye kiwanda, na bwana alikuwa mezani anakula. Walikufa saba. Wa saba alikuwa Norina, dada yake Irma. Irma alikuwa ametoka kwa dirisha la choo kwa ajili ya kijana mwenye baiskeli, na Norina alikuwa amekaa kwenye mashine ya Irma ili msimamizi asigundue. Bwana alijengewa sanamu uwanjani. Koti lake la mawe lina vifungo saba, na njiwa wanampenda.

Miaka sabini sasa Irma anataka kumwomba Norina radhi. Wale sita wakiombwa wampelekee ujumbe husema wao si posta. Na kifungo cha Norina, cha saba kwenye koti, ni kile cha tumboni, kilichoruka ndani ya tramu mwaka ule Irma aliponogewa na keki.

"Nina themanini na nane," Irma alimwambia Zaituni mwezi wa Machi. "Nishonee kingine. Njia ataijua."

Zaituni alikwenda barabara ya Ixelles, kwenye duka la sindano na nyuzi, akachagua cheusi kinachofanana kabisa. Alikishona jikoni, wale sita wakimkosoa. Irma alipaka rangi ya mdomo. Kisha Zaituni akakifungua.

Akatoka mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwenye aproni ya buluu na plasta kwenye vidole vitatu. Si Norina. Hata marehemu hakuwa. Alitazama saa ya ukutani, akaonyesha vidole kumi: dakika kumi, ndiyo mapumziko yake. Alitoka katika mji wanakotengeneza vifungo siku hizi, mbali, upande wa mashariki. Kola yake ilikuwa imefungwa mpaka kooni.

Wale sita walivitazama vidole vyake, wakasogeza viti kumpa nafasi. Mmoja alimuuliza kwa mkono, kama anayezungusha ufunguo. Mgeni akaitikia kwa kichwa, akapuliza kahawa yake.

Irma alimsogezea sahani ya keki. Kisha akaushika ule mkono wenye plasta, akasema yote aliyokuwa amemwekea Norina, pamoja na ya baiskeli. Mgeni hakuelewa hata neno. Alisikiliza vizuri, akala keki mbili. Dakika ya kumi akafuta mdomo, akarudi tunduni, maana kengele ya kule hailii mara mbili. Mchana ule Irma alilala akikoroma kama dereva wa lori.

Sasa mgeni huja kila Jumanne. Zaituni humpa yeye kwanza, kwenye kikombe chenye mkono.

"Donc, huyo mpya naye ni wa mji wa vifungo?" Aziza aliuliza.

"Naye."

"Miaka mingapi?"

Zaituni akakata uzi kwa meno. "Hajaambiwa."