Posa ya Maneno Sita

Usiku wa kuamkia leo ndoto ilinikalisha sebuleni kwa shangazi Mwanamvua, khanga kichwani, barua ya posa mkononi, nikisubiri mtu aje aniambie imesema nini.

Barua hiyo si ya ndotoni. Ipo. Ililetwa juzi na mshenga wa Hemedi, imefungwa kwenye leso nyeupe kama ilivyo ada, na ndani yake, kinyume kabisa cha ada, mlikuwa na Kiingereza kitupu. Hemedi alikwenda semina ya siku tatu Arusha, akarudi mtu mwingine. Wazee waliigeuza barua juu chini, wakavaa miwani, wakavua, mwishowe wakanikabidhi mimi ninayeposwa niwatafsirie posa yangu mwenyewe. Jibu linatakiwa leo asubuhi.

Nilikwama kwenye sentensi moja tu. Humo Hemedi amepanga maneno sita ya Kiingereza, moja nyuma ya jingine kama watu wa foleni, yote yakisema ana haja na mimi. Haja ya namna gani, hapo ndipo sikupaona. Na mimi Hemedi namtaka kweli, ndiyo maana sikuthubutu kubahatisha. Ukikosea neno hapo, utaishi nalo miaka hamsini.

Nikalala nalo.

Sasa, humo ndotoni, mlango unagongwa. Shangazi anasema, "Karibuni," na maneno yanaingia.

Hakuna anayeshangaa. Chupa ya chai inaninong'oneza, "Wako sita. Vikombe viko vitano."

"Usihangaike," shangazi anaijibu, "mmoja wao hataingia." Kisha anawageukia wageni. "Sharti ni moja. Atakayekubaliwa na Sikudhani wangu huyu ndiye atakayehamia ndani ya Hemedi, akae humo mpaka kufa. Wengine mtarudi kwenu. Jielezeni."

Wa kwanza anaitwa Want. Mikono yake ilitangulia kuingia. Mwenyewe alifuata baada ya dakika mbili.

"Nataka," anasema.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Kuna nini?"

Shangazi anamwonyesha mimi, kochi na feni.

"Nataka."

"Kipi kati ya hivyo?"

"Ndiyo."

Feni ameshaikwapua. Sijui aliichomoa saa ngapi.

Nageuka kumlalamikia shangazi na kukuta sebule imekuwa wodi. Kochi ni kitanda. Juu yake amelala Need, mirija puani, macho yamemtoka. Chupa ya chai imevaa kofia ya muuguzi, inasoma cheti cha dawa: "Maji ya chumvi, chupa mbili. Oksijeni. Sikudhani, mmoja, kutwa mara tatu."

"Bila yeye nakufa," anasema Need kwa sauti ya kukatika.

Nakiri moyo ulianza kulainika. Huyu angalau ana sababu.

"Tukikupa msichana mwingine wa kundi hilohilo la damu?" shangazi anauliza.

Need anafikiri. "Mradi awe mzima."

"Huyu anavyocheka, hukupendi kucheka kwake?"

"Kucheka hakumo kwenye cheti."

"Haya, pumzika."

Harufu ya dawa inaondoka, inakuja harufu ya udi, nzito mpaka chupa ya chai inapaliwa. Tumerudi sebuleni. Desire amekaa mbele yangu, kanzu inang'aa, anazungumza na kiuno changu kwa heshima kubwa.

"Bwana mkubwa," shangazi anamwambia, "uso uko huku juu."

"Nitafika," anajibu Desire.

"Unaweza kututajia jina la binti unayemposa?"

Anashtuka kidogo. "Kumbe ana jina?"

Wa nne ni Crave. Ni mwanamume mwenye mimba ya miezi saba, na amekwisha kula nusu ya ukuta wetu wa udongo, upande wa jikoni.

"Namtaka sasa hivi!" anabweka, vumbi likimtoka mdomoni. "Sasa hivi, na ndimu, na chumvi! Nisipompata nitazimia hapahapa!"

"Na kesho, baba?"

"Kesho nikisikia tu harufu yake, natapika."

"Mkweli," chupa ya chai inasema. Ni sifa pekee iliyotolewa siku hiyo.

Kisha hatuko nyumbani tena. Niko juu ya kilima, na Yearn yuko kilima cha pili, amejishika kifua, analia vizuri sana. Analia kiasi kwamba natamani kumwona karibu. Nashuka bondeni, navuka kijito, napanda. Kila ninapopiga hatua moja mbele, naye anapiga moja nyuma.

"Simama basi!" napiga kelele. "Nakuja!"

"Tafadhali usije!" anajibu kwa uchungu. "Ukinifikia, mimi sina kazi!"

"Tutaishije sasa?"

"Wewe hamia Kigoma. Mambo mengine niachie."

Nilipogeuka, shangazi alikuwa amekaa kwenye kochi lake katikati ya bonde, anachambua mchicha. "Kwa hiyo huyo ni mume wa wikendi," akasema. "Nani bado?"

Amebaki Wish, nje ya dirisha. Tumesharudi.

"Ingia, mgeni," shangazi anamwita.

"Laiti mlango ungekuwa wazi," anajibu Wish.

"Niko wazi," unasema mlango.

"Laiti ningekuwa na miguu."

Miguu anayo, tena imevaa viatu vipya. Mlango unanitazama kama kuuliza, mimi nifanyeje. Tunamwacha hapo. Mpaka ndoto inaisha hakusogea, ila alisema ingependeza kama angesogea.

Hapo uvumilivu ukaniishia.

"Shangazi, nimeletewa mwizi, mgonjwa, kipofu, mlafi, mkimbizi na mti! Hemedi mwenyewe yuko wapi?"

Barua mkononi mwangu ikakohoa.

Nikaifungua. Chini kabisa, pembeni, Hemedi alikuwa amekunjwa mara nne. Nikamkunjua juu ya meza, akajinyoosha mpaka akafikia kimo chake, mistari ya mikunjo ikipita puani na kidevuni.

"Hemedi," nikamwambia, "hawa umewatuma wewe. Sasa sema mwenyewe. Kwa Kiswahili."

"Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa jambo hili, Sikudhani," akasema, kwa Kiswahili safi kabisa.

Jikoni sufuria ikaanguka. Akatoka Hamu, mikono imejaa unga. Nyuma yake wakafuata Shauku na kisu chake, Uchu akimeza mate, Kiu na ndoo, na Haja aliyejifunga khanga kiunoni.

"Nani hatoshi?" Hamu akauliza. "Tuko humu tangu alfajiri tunakata vitunguu vya shughuli yake. Hata salamu hakutupa!"

"Mimi nimemlea huyu," Haja akasema. "Leo ananipita sebuleni kama stuli."

Hemedi akatazama sakafu. Mimi nikacheka. Nilicheka mpaka khanga ikadondoka, nikampigia Hamu makofi, nikamwambia mpe, mpe tena.

"Na wewe unacheka nini?" shangazi akasema. "Zamu yako. Wewe unamtakia nini Hemedi?"

Nikasafisha koo. Nilikuwa na uhakika nitatoa kitu cha kuwanyamazisha wote. Nikafungua kinywa, akaruka nje kijitu kidogo cha kike, kucha za kubandika, simu mkononi.

"Mambo zenu! Naitwa Miss," kikasema. "Nakaa humu. Kila siku saa nne asubuhi ananituma kwa Hemedi. 'Nimekumiss.' Halafu ananiwekea kikopa pembeni."

Hamu akanitazama kama anavyokutazama mama mdogo uliyemkwepa sokoni ukiwa na marafiki. Heri angesema.

Sebule nzima ilikuwa inanisubiri. Miss alikuwa anajipiga picha. Kinywani hamkuwa na neno jingine lililobaki, kwa hiyo nikasema kilichokuwepo.

"Pikipiki kama yako ikipita," nikamwambia Hemedi, "hata siku ninayojua uko Arusha, nanyamaza. Nasikiliza kama itasimama."

Hemedi akainua uso. Mkunjo wa puani ulikuwa umeanza kufutika.

"Mimi nasonga ugali wa watu wawili," akasema. "Kila siku. Nikishapakua ndiyo nakumbuka naishi peke yangu. Nampelekea mbuzi wa jirani. Sasa hivi mbuzi amenenepa, jirani anadhani namwonea wivu, nataka kumnunua mbuzi wake."

Want aliweka feni chini. Need akachomoa mirija, akakaa, akaomba chai.

"Tumetajwa?" Hamu akauliza.

"Hapana," shangazi akasema. "Hakutajwa mtu. Rudini jikoni. Na nyie wageni mnywe chai mwende, Sikudhani ana kazi ya kuandika."

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshaingia dirishani. Nje nilisikia wazee wanavuta viti, na sauti ya shangazi, "Sikudhani! Tafsiri iko wapi? Watu wamefika!"

Nikaichukua barua mezani, nikaiinua kwenye mwanga ili nijaribu sentensi ile kwa mara ya mwisho. Hapo ndipo nilipoona kuwa chini yake karatasi imekuwa nyembamba. Pamefutwa. Pameandikwa kwa penseli, kisha pakafutwa kwa kifutio kibovu, cha kupaka uchafu kuliko kufuta. Mwandiko wa Hemedi, ule unaolalia kushoto. Kiswahili. Mengi yamepotea, lakini mwisho wa mstari unasomeka vizuri: "…na mbuzi wa jirani amenenepa."

Shangazi akachungulia mlangoni.

"Haya, anasemaje huyo Mwingereza?"

"Anasema anapika ugali mwingi."

"Na wewe jibu lako?"

"Waambie," nikasema, "leo asimpe mbuzi."