Mboga Zilizoonjwa

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alisimama kwenye meza moja katika banda la kufungashia mboga la kampuni, akichagua majani, mpaka wenzake wakamwita Bi Meza na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho tu. Kazi yenyewe haina maneno mengi. Spinachi inakuja kutoka shambani kwa kreti, unaimwaga mezani, unaipitisha mikononi. Jani zima linakwenda kushoto, kwenye mfuko wa dukani. Jani lenye tundu linakwenda kulia, kwenye kreti nyekundu, la kutupwa. Ukikosea mara tatu kwa siku, msimamizi anakukumbusha kuwa nje ya geti kuna watu wengi wanaoitaka meza yako.

Sasa, kreti nyekundu ilikuwa na siri yake. Mashamba yote ya kampuni yalipigwa dawa ya wadudu isipokuwa kipande kimoja karibu na ofisi, kilichoachwa hivi hivi kwa ajili ya wageni na wapiga picha. Kipande hicho ndicho kilichochapishwa kwenye mifuko yote, hata ile iliyobeba mboga za kule kwingine. Viwavi hawasomi mifuko. Walijua wenyewe pa kula, na wafanyakazi wakajifunza kwao: jani lenye tundu, mdudu amelila na hakufa, basi hata mtu atalila. Jioni walitoka na mafungu ya majani yaliyotoboka kama chujio, na mlinzi wa geti akatazama pembeni, maana na yeye fungu lake lilikuwa chini ya kiti.

Kwa wengine hicho kilikuwa kitoweo cha bure. Kwa Bi Meza kilikuwa uhai wa mumewe. Mzee wake alibeba bomba la dawa mgongoni miaka kumi na sita, mikono mitupu, akirudi nyumbani shati limelowa na kusema harufu ameshaizoea. Sasa alikuwa kitandani, macho ya manjano, mikono inatetemeka hata chai inaishia kwenye shuka. Daktari wa zahanati ya kampuni alikuwa amemwita Bi Meza pembeni.

"Ini lake limechoka, mama. Dawa tutampa. Ila asile tena kitu kilichopigwa sumu, hata kidogo. Likianguka mara nyingine, halinyanyuki."

Basi akampikia ya matundu tu. Kila jioni aliyalowesha majani kwenye beseni la maji ya chumvi, viwavi wakaelea, naye akawahesabu kwa sauti ili mzee asikie chumbani.

"Leo tisa!"

"Wape pole," mzee anajibu. "Mimi nani mpaka nionjewe chakula kama mfalme?"

Na kweli, taratibu, manjano ya macho yalipungua. Ikafika siku mzee akatoka mwenyewe mpaka barazani, akakaa, akamsema jirani kwa namna alivyofunga mlango wa banda lake. Bi Meza akajua mumewe anarudi.

Hapo ndipo alipofanya kosa. Si kosa la ubaya. Lilikuwa kosa la mtu anayejua kitu kimoja vizuri na hajawahi kuulizwa.

Kampuni ilileta mkuu mpya wa mauzo, mwanamume mwenye viatu visivyo na vumbi, wafanyakazi wakamwita Bwana Masoko. Huyu hakukaa ofisini. Alipita bandani, akasimama kwenye meza, akauliza watu habari za nyumbani. Siku moja akamwona Bi Meza akitenga majani mabovu kwenye kitambaa chake.

"Mama, mbona unachukua takataka na mazuri yamejaa hapa?"

"Haya mazuri kula wewe," Bi Meza akamjibu, na banda zima likacheka. "Mimi nina mgonjwa."

"Hebu nifundishe."

Akamfundisha, jamani. Alimwonyesha tundu la kiwavi na tundu la mvua ya mawe, namna ya kulowesha, namna ya kuhesabu. Bwana Masoko alisikiliza kichwa ameinamisha kama mkwe anayeomba mke, na kabla ya kuondoka akampa mkono. Bi Meza alirudi nyumbani kichwa kimevimba.

Miezi miwili baadaye mifuko mipya ikafika. Picha ilikuwa ya Bi Meza, ameshika jani lililotoboka, na chini yake maneno ya kijani: *Wadudu wameonja. Sasa zamu yako.* Bei ilikuwa mara mbili ya zamani. Mjini watu waliigombania, kwa maana kila mtu ana mgonjwa wake au anaogopa kuwa mgonjwa. Bandani kazi ikageuka: jani lenye tundu kushoto, jani zima kulia. Mikono ya Bi Meza ilihitaji wiki nzima kusahau ilichojua miaka kumi na tisa.

"Shoga, sasa wewe ni mtu mkubwa," wenzake walimtania. "Tukitaka kukuona tunakwenda dukani."

"Mkienda mninunue, msinishike shike bure."

Kampuni ilimpa shati jipya na ruhusa ya kubeba mifuko miwili kila siku, wazi wazi, mlinzi akimpigia saluti. Akambebea mzee wake. Mzee akaacha kutoka kwenda barazani. Kisha akaacha kukaa. Daktari akaongeza vidonge, akatikisa kichwa. Bi Meza akaongeza mboga.

Jumapili moja mchana akaja mgeni. Wafanyakazi walimwita Bomba, kiongozi wa wapiga dawa, aliyefundishwa kazi na mzee huyu huyu na hakuacha kumwita Mwalimu. Alimkuta Bi Meza akimlisha mumewe kwa kijiko. Akatazama sahani.

"Shemeji, hii mboga umeitoa wapi?"

"Mimi unaniuliza? Mimi si ndiye niko kwenye mfuko?"

Bomba hakucheka. Alinyoosha mkono akaweka kiganja juu ya sahani, mboga ikamchafua vidole, akakiacha hapo hapo.

"Asile hii."

"Una wazimu? Ya matundu hiyo."

"Najua. Matundu tunayatengeneza sisi." Akaketi ukingoni mwa kitanda. "Agizo la siku hizi ni kwamba tuwaache viwavi wayatoboe majani kwanza. Siku kumi, kumi na mbili. Karani anakuja na karatasi, anahesabu matundu kwa kila jani. Yakitosha, tunapiga. Kipimo mara mbili, maana viwavi wameshanenepa. Tunapiga jioni, wanavuna asubuhi."

"Na kile kipande cha wageni?"

"Hicho ndicho tulichoanza nacho."

Bi Meza akalikumbuka beseni lake. Wiki saba maji yalikuwa meupe, hakuna kiwavi hata mmoja aliyeelea. Alikuwa ameyaona, akasema pengine siku hizi wanaosha vizuri, na akashukuru.

"Kipimo mara mbili?" mzee akauliza, kichwa kikiwa bado kwenye mto. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ya fundi.

"Mara mbili, Mwalimu."

"Nani alikufundisha hivyo?"

Bomba akatazama sakafu.

"Mimi," mzee akasema. "Mwaka ule wa viwavi wengi. Nilikwambia ongeza, hakuna anayeona."

Bomba akainuka kuondoka. Pale mlangoni Bomba akamshika Bi Meza mkono. "Shemeji, usiseme umesikia kwangu. Nina watoto wanne." Naye Bi Meza alikuwa na kadi ya zahanati. Akifungua mdomo, kadi inakwenda na vidonge vinakwenda. Akiufunga, uso wake unaendelea kuwauzia watu sumu. Alilala nayo, akaamka nayo.

Jumatano wakaja wanunuzi wakubwa: watu wa maduka, watu wa hoteli, na mwanamke mmoja mnene mwenye aproni chini ya koti, mpishi mkuu wa hospitali. Bwana Masoko aliwaleta moja kwa moja kwenye meza.

"Na huyu ndiye mwenyewe! Mmemwona kwenye mfuko, sasa mwoneni kwa macho."

Wakapiga picha. Mpishi hakupiga. Aliokota jani, akaligeuza, akalinusa.

"Mama, nina wagonjwa mia mbili wanaokula ninachowapikia. Nimesikia na wewe una mgonjwa. Unampa hii?"

Bi Meza akawaza nyumbani. Aliona kadi, aliona vidonge vya mzee, vyeupe vitatu na cha njano kimoja.

"Nilimpa," akasema. "Sasa hivi simpi."

"Bi Meza na utani wake!" Bwana Masoko akacheka, na wageni wakacheka naye. Hilo ndilo lililomuuma. Miaka yote amewachekesha watu, na leo kicheko kilikuwa kinamziba mdomo.

Akaisukuma kreti mbele yao. "Chekeni, lakini nitafutieni kiwavi. Matundu haya yote, kreti arobaini hizi. Nileteeni mmoja tu aliye hai."

Mtu wa hoteli akapekua kidogo, akafuta mikono. Mwingine akapekua. Mpishi alipekua kreti tatu mpaka chini, polepole, kama anayetafuta pete.

"Tunaziosha, waheshimiwa," Bwana Masoko akasema, kwa upole kabisa. "Nani anataka funza kwenye mfuko?"

Wakatikisa vichwa. Jibu lilikuwa zuri, na chai ilikuwa inawasubiri ofisini. Wote wakamfuata, wakaweka oda. Mpishi peke yake alibaki, akamtazama Bi Meza machoni, kisha akalirudisha jani mezani.

Kabla ya saa saba Bi Meza alikuwa nje ya geti. "Kadi ya zahanati mwachie mlinzi," Bwana Masoko alimwambia, bila hasira, kama anayekumbusha mtu mwavuli. Mlinzi aliipokea akitazama pembeni. Picha, hiyo haikuondolewa. Uso wake uliendelea kuuza.

Nje alimkuta mpishi akisubiri gari lake.

"Nyuma ya kiwanda cha matofali kuna mama analima," mpishi akamwambia. "Hana mfuko wala picha. Ana mdomo mchafu, jitayarishe. Mimi nitamwongezea oda."

Kesho yake, Alhamisi, Bi Meza akaenda na kikapu. Alimkuta mwanamke mwenye mabuti ya mpira, amechuchumaa kwenye matuta ya spinachi ya kijani, nzuri, hata ukiiangalia tu mate yanakutoka.

"Nataka mafungu mawili."

"Leo siuzi."

"Na hii yote?"

"Una macho, masikio huna? Nimepiga dawa Jumatatu. Viwavi walinivamia, ningebaki na vijiti."

"Kwa hiyo na wewe unapiga."

"Napiga, ndiyo. Nani kakudanganya kuwa sipigi? Nikipiga nahesabu siku kumi na nne ndipo nauza. Hata mama yangu mzazi simuuzii kabla. Nenda zako, urudi."

"Dada, nina mgonjwa ndani. Hana cha kula."

"Ndiyo maana nakwambia nenda zako!"

Alisimama pale kwenye njia ya matofali yaliyovunjika, kikapu kitupu mkononi. Tangu mifuko ile ianze, huyu alikuwa mtu wa kwanza aliyekataa kumuuzia. Akataka kumshukuru, lakini yule alikuwa ameshampa mgongo, anang'oa magugu na kuyatukana.

Nyumbani mzee aliuliza amepata nini. Akamweleza yote, hata matusi. Mzee alitabasamu kidogo kwenye matusi. Kisha akainua mkono unaotetemeka, akaanza kuhesabu kwa vidole: Jumanne, Jumatano, leo. Vidole vikagongana, akapotea, akaanza upya. Bi Meza hakumsaidia.

"Bado kumi na moja," mzee akasema hatimaye. Macho yake yalikuwa ya manjano mpaka pembeni. "Nitajitahidi."

Bi Meza akaenda jikoni, akabandika maji ya uji.